Nyaraka za Usanifu Hai Hazigawiki

Kinachoua mkusanyiko wa nyaraka za msanifu majengo haraka kuliko moto ni kuugawa. Nasema hivi nikijua vizuri moto umefanya nini katika fani hii. Makazi ya Frank Lloyd Wright huko Taliesin, Wisconsin, yaliungua mwaka 1914 na yakaungua tena mwaka 1925. Katika moto wa kwanza ziliteketea nakala nyingi za jalada la michoro yake lililochapishwa Berlin na Wasmuth mwaka 1910 na 1911, nakala ambazo zilikuwa zinasubiri wanunuzi wa Marekani. Lakini moto unaonekana, watu wanakimbilia maji, na kesho yake hasara inahesabiwa. Mgawanyo hufanyika kwa amani kabisa. Michoro mizuri inakwenda makumbusho ya sanaa, barua zinabaki kwa warithi, picha zinapelekwa chuo kikuu, modeli inauzwa, na hati za malipo zinatupwa kwa sababu ni hati za malipo tu. Kila karatasi iliyobaki iko salama mahali fulani, na hakuna tena anayeweza kueleza jengo lile lilifikaje kuwa vile lilivyo.

Hilo ni baya kwa nyaraka za usanifu wowote. Kwa nyaraka za usanifu hai ni msiba. Usanifu hai ninaouzungumzia ni mkondo ule ambao Wright (1867–1959) aliutetea maisha yake yote, na ambao watu kama Bruce Goff na John Lautner waliuendeleza kila mmoja kwa njia yake: jengo linaloota kutoka mahali pake, likifuata mwamba, mteremko, jua, maji, tabia ya vifaa na maisha ya wanaokaa ndani, badala ya kuletwa likiwa limekwishaamuliwa na kutuliwa juu ya kiwanja.

Katika jengo la kawaida, ramani na orodha ya vifaa vinatosha kwa kiasi kikubwa. Dirisha lina kipimo kinachojulikana, kenchi ni ile ile ya nyumba ya jirani, na karatasi moja ikipotea fundi mzoefu anaweza kukisia kilichokuwamo asikosee sana. Usanifu hai haukubali kukisiwa hivyo. Wright alipanga nyumba nzima juu ya gridi ya pembe sita, kama ile ya familia ya Hanna kule California, au juu ya pembetatu na miduara. Pembe moja ikikupotea, zinazofuata zote zinakukataa. Tena maamuzi mengi yalifikiwa kiwanjani, mwanafunzi wa Wright akiwa amesimama na mwashi mbele ya ukuta ulioanza kupanda, kisha taarifa ikatumwa kwa barua au telegramu. Kwa hiyo ukweli wa jengo la namna hii haukai mahali pamoja. Mwanzo wake umo katika mchoro wa penseli, mageuzi yake katika barua, ugomvi wake katika hati za malipo, sura yake ya siku ya kwanza katika picha. Mtunza nyaraka anayejua kazi yake anahifadhi uhusiano kati ya vitu hivyo, na karatasi anazihifadhi kwa ajili ya uhusiano huo.

Tuchukue Fallingwater, nyumba iliyoning'inia juu ya maporomoko ya kijito cha Bear Run huko Pennsylvania, ambayo Wright aliibuni mwaka 1935 kwa ajili ya Edgar Kaufmann, mfanyabiashara wa Pittsburgh. Baraza zake za zege zinatokeza hewani karibu mita nne na nusu bila nguzo mbele. Wahandisi walioajiriwa na Kaufmann waliona nondo zilizopangwa katika mihimili mikuu hazitoshi, wakaziongeza maradufu bila idhini ya Wright. Wright alipopata habari mwaka 1936 aliandika barua ya hasira kwa mwenye nyumba, akamwita mwanafunzi wake arudi kutoka kiwanjani. Mbao za kumwagia zege zilipoondolewa baraza zilishuka, na ziliendelea kushuka kidogo kidogo kwa miongo, mpaka ncha ya baraza kuu ikawa chini karibu sentimita 18 kuliko ilivyokusudiwa. Mwaka 2002, kazi ya kuikaza kwa nyaya za chuma zilizovutwa, iliyoongozwa na kampuni ya mhandisi Robert Silman, ilikamilika.

Mhandisi aliyepewa mchoro pekee angekokotoa kwa nusu ya chuma kilichomo. Angeshangaa kwa nini nyumba bado imesimama, na pengine angeagiza dawa isiyolingana na ugonjwa. Akipewa barua pekee atajua kwamba kulikuwa na ugomvi, lakini hatajua mhimili gani na upande upi. Vipimo vya rada na vya mawimbi ya sauti vinaonyesha kilichomo ndani ya zege. Barua zinaeleza kimeingiaje na kwa amri ya nani. Michoro inaonyesha nini kilikusudiwa. Ukiondoa kimoja kati ya vitatu hivyo, viwili vilivyobaki vinaanza kudanganya. Huu si mfano wa pembeni niliouchagua ili kushinda hoja. Ndiyo nyumba mashuhuri kuliko zote za usanifu huu, na mwaka 2019 iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na majengo mengine 7 ya Wright.

Kwa Bruce Goff (1904–1982) mambo ni magumu zaidi, kwa sababu Goff alijenga kwa vitu ambavyo hakuna katalogi inayoviuza. Nyumba ya Shin'enKan aliyoanza kumjengea Joe Price huko Bartlesville, Oklahoma, mwaka 1956, ilikuwa na kuta za makaa ya mawe, mabonge ya kioo yaliyotokana na taka za kiwandani, na dari iliyofunikwa kwa manyoya meupe ya bata bukini. Iliteketea mwaka 1996. Nyumba ya Bavinger, iliyokamilika mwaka 1955 huko Norman, ilikuwa ukuta mmoja wa mawe unaojiviringisha kwenda juu, huku paa na vyumba vikining'inizwa kwa nyaya kutoka mlingoti uliotengenezwa kwa bomba la kuchimbia mafuta. Dhoruba iliiharibu mwaka 2011, na mwaka 2016 ikabomolewa. Nyumba zote mbili hazipo tena. Kilichobaki ni mkusanyiko wa Goff uliomo Art Institute of Chicago, na umuhimu wake unatokana na kubaki kitu kimoja: michoro, barua, picha, hata michoro yake ya rangi na mambo yake ya muziki. Mchoro wa mstari hauwezi kukuonyesha kijani cha bonge la kioo lililopigwa jua la saa kumi. Picha ya rangi inaweza. Barua ya kuagiza inaweza kukuambia bonge hilo lilitoka wapi. Hakuna hata kimoja kinachojitosheleza.

Sasa nije kwa hoja ambayo wengi hunitupia: mbona mkusanyiko wa Wright mwenyewe ulihamishwa na kugawanywa? Ni kweli. Mwezi Septemba 2012 taasisi inayobeba jina lake ilitangaza kwamba michoro takriban 23,000, picha za kihistoria takriban 44,000, modeli kubwa, miswada na barua vitahama kutoka Taliesin na Taliesin West ya Arizona kwenda New York, chini ya umiliki wa pamoja wa maktaba ya Avery ya Chuo Kikuu cha Columbia na makumbusho ya MoMA. Karatasi zilikwenda Avery, modeli zikaenda MoMA. Wapo waliolia kwamba nyaraka zilizozaliwa katika jangwa la Arizona zimeng'olewa kutoka udongo wake, na nawaelewa, kwani nyaraka zinapokaa karibu na meza zilipochorewa hupata ushahidi wa ziada ambao chumba cha New York hakiwezi kuutoa. Hata hivyo naunga mkono uamuzi ule. Sababu ya kwanza ni kwamba jamii iliyokuwa ikiishi Taliesin haikuwa na kipato cha kudumu cha kuzitunza. Miaka ya 1980 baadhi ya michoro iliuzwa mmoja mmoja kupitia galari ili kupata fedha, na kila mchoro uliokwenda sebuleni kwa tajiri uliacha pengo katika mradi wake. Sababu ya pili ni namba.

Bruce Brooks Pfeiffer, aliyefika Taliesin kijana mwaka 1949 na kusimamia nyaraka hizo kwa miongo, aliupa kila mradi namba ya tarakimu nne: mbili za mwaka, mbili za mradi. Jengo la Guggenheim ni 4305. Fallingwater ni 3602, ingawa tunajua mchoro wake wa kwanza ulichorwa mwaka 1935, maana namba ni uamuzi wa mtu na huenda ikabeba kosa au maoni yake. Avery ilizipokea namba hizo kama zilivyo. Haikuanzisha mfumo mpya, haikusahihisha mwaka. Kwa hiyo modeli iliyoko upande mmoja wa Manhattan na karatasi zilizoko upande mwingine zinajuana kwa jina, na kitabu chochote cha zamani kilichotaja namba ya mchoro bado kinakufikisha kwenye mchoro huo huo. Barua nazo zilikuwa na faharasa ya mabuku 5 aliyoiandaa Anthony Alofsin mwaka 1988. Mgawanyo wa namna hii ni wa rafu, na rafu hazinisumbui. Ninachokikataa ni kugawa kumbukumbu.

Tofauti hiyo ni ya lazima, kwa sababu kemia yenyewe inatuamuru kutenganisha. Mradi mmoja wa Wright unaweza kuwa na aina tano za karatasi, na hazipatani. Karatasi nyembamba ya kunakilia, inayopitisha nuru, ndiyo aliyoipenda kwa penseli za rangi. Ikizeeka hugeuka kahawia na kukatika kama jani kavu. Kitambaa cha kuchorea kimepakwa wanga, na tone moja la maji huuyeyusha na kuacha alama isiyofutika. Chapa za buluu, zile ambazo mistari yake ni myeupe juu ya buluu iliyokolea, hufifia kwenye mwanga na huharibiwa na alkali. Hapo ndipo watunzaji wengi wenye nia njema huteleza, kwa kuwa wamefundishwa, na ni sahihi kwa karatasi nyingine nyingi, kuweka kila kitu katika majalada yaliyotiwa kalisi ya kupambana na asidi. Chapa ya buluu inahitaji jalada lisilo na asidi wala alkali. Nakala za daiazo, zilizotamba baada ya chapa za buluu, hutoa kemikali zinazotia madoa karatasi iliyolala jirani. Filamu za asetati huanza kunuka siki, na mvuke wa iliyooza huharakisha kuoza kwa iliyo nzima. Kwa hiyo mradi mmoja utalala katika makabati matano, na faharasa ndiyo itakayourudisha kuwa mmoja. Bila faharasa, uhifadhi bora wa kikemia utatimiza kazi ile ile ya mgawanyo ninaoulaani.

Wanaodhani kazi hii ni ya kupanga mafaili wangepaswa kuona mchoro uliokaa miaka 70 ukiwa umeviringishwa. Huwezi kuukunjua kwa mkono, utapasuka vipande. Unawekwa ndani ya kisanduku kilichofungwa chenye unyevu, bila kuguswa na maji, hadi nyuzi zake zilegee. Saa zinapita. Kisha unafunguliwa pole pole kati ya karatasi nene zinazofyonza unyevu, chini ya uzito, na kuachwa humo kwa siku. Mpasuko unazibwa kwa upande wa nyuma kwa ukanda wa karatasi ya Kijapani uliochanwa kwa mkono ili kingo zake ziwe na nyuzi, na gundi ya wanga wa ngano ambayo mtaalamu wa miaka 100 ijayo ataweza kuitoa. Na kabla ya yote hayo mtu ameandika mchoro ulikuwa ndani ya bomba gani, umefungamana na michoro ipi, na nje ya bomba paliandikwa nini. Anayeharakisha kunyoosha kabla ya kuandika ameokoa karatasi na kupoteza ushahidi. Ile gundi ya plastiki ya ofisini, inayotumiwa kila siku kuziba mipasuko, huacha doa la njano linaloingia ndani ya karatasi na ni miongoni mwa vitu vinavyotutesa sana. Nanasihi: mpasuko uachwe hivyo hivyo kuliko kubandikwa gundi hiyo.

Kuna dhana kwamba jengo likiwapo nyaraka si za haraka. Jengo la Larkin la Buffalo, lililokamilika mwaka 1906, lilibomolewa mwaka 1950. Hoteli ya Imperial ya Tokyo, iliyofunguliwa mwaka 1923, ilianza kubomolewa mwaka 1967 na haikubaki isipokuwa sehemu ya mbele iliyohamishiwa kwenye makumbusho ya wazi. Tena miradi mingi ya Wright haikujengwa kamwe. Shule aliyoibuni mwaka 1928 kwa ajili ya watoto Weusi wa Marekani, chini ya mpango wa Rosenwald wa kuwajengea shule, haina tofali hata moja popote duniani. Wengi waliijua mwaka 2017, MoMA ilipoadhimisha miaka 150 ya kuzaliwa kwa Wright kwa maonyesho ya nyaraka zake, na kwa njia hiyo mjadala kuhusu Wright na rangi ya watu ukapata hati za kujadiliwa.

Dhana nyingine inasema taswira kubwa za rangi ndizo zenye thamani, mengine ni takataka za ofisi. Soko la sanaa linaamini hivyo, na soko limetuumiza. Taswira ya rangi mara nyingi ilichorwa ili kumvutia mteja au mchapishaji, na wakati mwingine jengo lilikuwa limeshakamilika. Karatasi chafu yenye alama za kufutwa ndiyo inayoonyesha mtu akifikiri. Tena taswira ile nzuri pengine haikuchorwa na mwenye jina. Sehemu kubwa ya michoro iliyomo katika jalada la Wasmuth inatokana na mkono wa Marion Mahony, aliyehitimu usanifu MIT mwaka 1894, na tunaweza kusema hivyo kwa uhakika kwa sababu wataalamu waliweza kulinganisha mikono, karatasi na maandishi, pamoja na muswada mrefu wa kumbukumbu zake aliouweka katika Art Institute of Chicago na katika jumba la historia la New York. Angekuwa na mchoro mmoja tu uliotundikwa ukutani kwa mtu binafsi, jina lake lingemezwa na la bwana mkubwa mpaka leo.

Halafu kuna skani. Ofisi nyingi siku hizi zinaamini kwamba zikishapiga picha michoro yote, karatasi zinaweza kwenda. Skani ni msaada mkubwa. Inapunguza kushikwashikwa kwa asili, na mwanafunzi wa Kampala anaweza kuiona bila viza. Lakini haionyeshi unene wa karatasi, alama ya maji, wala mkwaruzo wa penseli iliyofutwa, na mara nyingi hakuna anayepiga picha ya upande wa nyuma, ambako msanifu aliandika simu ya mwashi. Faili nalo linakufa. Majengo yenye maumbo hai ya leo yanazaliwa ndani ya kompyuta, na Canadian Centre for Architecture ya Montreal ilianza mwaka 2013 mfululizo wa maonyesho kuhusu miradi ya mwanzo ya kidijitali, kazi iliyoonyesha jinsi ilivyo vigumu kufungua faili ambalo programu yake imekwisha kuachwa. Karatasi ya mwaka 1906 inasomeka kwa macho. Faili la mwaka 1992 linataka mashine, programu na mtu anayekumbuka jinsi ya kuitumia.

Dawa ninazozipendekeza zinaanza siku mkusanyiko unapopokelewa. Mkataba wa kukabidhi utenganishe umiliki wa karatasi na hakimiliki. Taasisi ya Wright ilikabidhi nyaraka ikabaki na hakimiliki, na hilo likiandikwa waziwazi linazuia kesi. Mkataba huo huo uzuie kuuza kipande kimoja kimoja. Fedha za kupanga na kutengeneza faharasa zitafutwe pamoja na fedha za kupokea, kwa maana mkusanyiko uliopokelewa bila bajeti ya kupangwa ni stoo tu. Mpangilio wa asili uandikwe kabla ya kuguswa, namba za zamani zisifutwe hata kama zina makosa, na nakala za picha ziwekwe katika jengo jingine, mbali na moto wa jengo la kwanza.

Afrika Mashariki hili halituhusu kwa mbali. Soko la Kariakoo, alilolibuni Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lina paa la miavuli mikubwa ya zege inayokinga jua na kukusanya maji ya mvua. Simwingizi Amuli katika kundi la Wright, lakini jengo linalolijibu jua na mvua ya Dar es Salaam kiasi hicho lina matatizo yale yale ya kumbukumbu. Liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na ukarabati wa jengo lolote la namna hiyo huanza kwa swali: michoro ya asili iko wapi, na nani alibadilisha nini wakati wa ujenzi? Kizazi cha kwanza cha wasanifu wetu kinaondoka. Amuli alifariki mwaka 2016. Ramani zao zimo katika mabomba juu ya makabati ya warithi, na katika masijala za halmashauri zilizotoa vibali vya ujenzi.

Masijala hizo ndizo ningezianzia. Kila mwombaji wa kibali alipeleka seti ya michoro, na seti hiyo huenda ndiyo pekee iliyobaki duniani. Afisa masijala hahitaji maabara ya New York. Anahitaji orodha inayotaja namba ya kibali, kiwanja, mwaka na jina la msanifu. Rafu iliyoinuliwa kutoka sakafuni na kuachana na ukuta, kwa ajili ya mafuriko na mchwa. Na hewa isiyopanda na kushuka. Katika mwambao, unyevu wa hewani ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu ukungu unaota, na kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa saa tisa na nusu ofisi ikifungwa kinaleta mabadiliko ya kila siku ambayo karatasi hulipia. Feni inayozunguka usiku na mchana na madirisha yenye wavu ni bora kuliko kiyoyozi cha saa za kazi. Na mrithi anayekuja na mabomba ya marehemu baba yake asiambiwe achague yaliyo mazuri. Apokelewe na yote, pamoja na mabuku ya risiti, shajara na bahasha za picha, na kabla hajaondoka aulizwe majina ya mafundi, maana huyo mrithi naye ni sehemu ya mkusanyiko.